Kamba Mguuni mwa Mhanga

Sijapata kujua kama Mhanga alikuwa macho alasiri ile. Nimeuliza wengi, na kila mmoja ana jibu lake.

Shimo lilikuwa lake, alilichimba mwenyewe kwa kucha zake. Wapangaji wake wawili walikuwa na kamba zilizofungwa mguuni mwake. Ukivuta, anaacha kuchimba na kuja. Ngiri alivuta ili akunwe mgongo. Kindi, aliyelea watoto katika chumba cha mlangoni, alivuta kila nyoka alipochungulia, Mhanga aje amfukuze. Mara nyingi Ngiri alikuwa amekwisha kumtangulia, na Mhanga yuko kwake akimkuna.

"Bwana Mhanga, tuwekee kiwango," Kindi akaomba. "Huyu atakumaliza kwa kukunwa."

"Hata mimi nina ngozi, mama watoto!" Ngiri akacheka.

Mhanga hakutaka kumpendelea yeyote. Akasema kila mpangaji avute mara tatu kutwa, na ya nne haitaitikiwa. Kindi alishukuru mpaka akalia.

Kesho yake jua lilikuwa kali, nyoka wakatafuta kivuli. Kufika adhuhuri Kindi alikuwa amevuta mara tatu, na Mhanga alikuja zote. Alasiri akaingia nyoka wa nne. Kindi akavuta, akavuta tena, hakuna aliyekuja.

"Kaka Ngiri, nivutie yako!"

"Imenibakia mara moja tu, nimeiweka ya jioni," Ngiri akajibu. "Si wewe uliyetaka kiwango?"

Jioni hapakuwa na Kindi wala watoto. Mhanga akaamua kamba ya Kindi iondolewe, isije ikamkwaza bure. Aliyeikata ni Ngiri.