Kiwanda cha Mstari wa Kumi na Tisa

Kidole cha Mama Makisio kiliganda kwenye mstari wa kumi na tisa.

Mwaka jana yeye ndiye aliyekadiria mapato ya kodi ya serikali, na leo alikuwa akilinganisha makadirio yake na kodi iliyokusanywa. Mistari mingine yote ilipishana, maana kukisia si kuona. Huu mmoja ulilingana hadi senti ya mwisho: kodi ya kiwanda cha saruji.

"Hongera, mama," mkurugenzi alicheka ng'ambo ya meza. "Kumbe tumeajiri mpiga ramli!"

"Mkuu, nilikadiria kwa ahadi tu; kiwanda hiki hakijajengwa." Aliugonga mstari ule kwa kidole. "Napita pale kila asubuhi. Kuna mbuzi tu."

Tabasamu la mkurugenzi halikuyumba. "Hebu geuza ukurasa."

Akageuza. "Nathibitisha kuwa fedha hizi zimepokelewa," iliandikwa, na chini yake palikuwa na sahihi yake mwenyewe, pamoja na kile kimkia kinachopinda kushoto alichojifunza kwa marehemu baba yake.

Alikigusa. Wino ulikuwa umekauka siku nyingi.

Kalamu yake bado ilikuwa mkobani, na ukurasa huu alikuwa hajawahi kuuona.