Mechi ya Thelathini

Zilibaki dakika mbili mechi ya kikapu iishe, na Mlingoti alikuwa bado benchi, magoti yakikaribia kidevu.

Mkataba ulisema akicheza mechi thelathini msimu huu, klabu itamwongezea mshahara wa nusu mwaka. Alishacheza ishirini na tisa. Hii ndiyo ilikuwa ya mwisho, na timu ilikuwa mbele kwa pointi arobaini.

"Kocha, goti limepona."

"Wewe pumzika tu, kaka."

Kocha hakumtazama. Alimtazama mweka hazina wa klabu, aliyekaa safu ya mbele akitafuna bisi.

Miaka kumi na miwili amewachezea na vidole vilivyoteguka, punda afe mzigo ufike, leo wanamfanya bwege. Mlingoti akavua koti, akaenda mwenyewe hadi kwenye meza ya pointi. Kanuni ndivyo inavyotaka: anayeingia ndiye anayeomba.

Mwandishi wa pointi akageuka kumwangalia kocha, aliyekuwa akitikisa kichwa mpaka mashavu yanacheza.

"Umetumwa?"

"Nimetumwa miaka kumi na miwili, dada. Leo naomba mwenyewe."

Dada akakitazama kidole cha Mlingoti kilichopinda, kikiwa kimetulia juu ya meza. Akabonyeza king'ora cha kubadilisha mchezaji.