Paa na Kichuguu cha Kupimia

Enzi wanyama walipocheza kandanda la kulipwa, maabara hazikuwapo. Mchezaji alikojoa kwenye kichuguu, na mchwa wakisinzia, alifungiwa, na timu yake ikanyang'anywa ushindi.

Paa, winga mwenye mbio kuliko wote, alipenda kutafuna jani la njozi siku za mapumziko.

"Acha hilo jani, ndugu yangu," golikipa wao, Ngiri, alimkanya. "Fainali imefika."

"Silitafuni niongeze mbio, natafuta raha yangu tu. Tena nitakunywa maji ya mto mpaka mkojo utakate."

Wakashinda fainali kwa bao la Paa. Kakakuona, mpimaji asiye na haraka, akamwita. Njiani Paa akatafuna jani moja la njozi la kujituliza, kisha akakojoa.

Mchwa wakatoka, wakanusa, wakaendelea kubeba nyasi zao. "Safi!" Kakakuona akatangaza. Wenzake wakambeba Paa mabegani, akaelea juu ya uwanja, juu ya miti, mawingu nayo yakimpigia makofi taratibu, taratibu.

"Paa, amka."

Akafumbua macho. Alikuwa amelala ubavu kando ya kichuguu, kwato zimelowa mkojo wake mwenyewe. Ngiri alikuwa amelikumbatia kombe, akilia.

"Nimepita, siyo?" Paa aliuliza, akitabasamu bado.

"Sema polepole, mwanangu," Kakakuona akamjibu. "Utawaamsha mchwa."