Tundu la Barua Pepe

Fundi Lukuba alipoiwasha kompyuta ya Bi Mwanahawa, alicheka kidogo, kisha akaacha. Programu ya barua pepe ilikuwa haijasasishwa tangu Athmani, mume wa bibi huyo, alipofariki.

"Wezi wamepata tundu humu, mama. Wanapenya na kuandika kwa jina la marehemu. Majirani wote wanapata barua zake, wanaogopa."

"Hata mimi napata. Kila alasiri."

Akamwonyesha ya jana: *Mpenzi wangu, habari za leo? Bonyeza hapa.*

"Hukubonyeza?"

"Nibonyeze nini? Athmani hakuniita mpenzi hata siku moja. Kwake mimi nilikuwa 'we Mwana, chai iko wapi?'"

Lukuba alitaka kucheka tena, lakini alimwona jinsi anavyoitazama ile barua. Akamweleza kwamba apdeti moja tu italiziba tundu, na barua zitakoma. Ilibaki mwenye kompyuta akubali.

"Unajua si yeye, mama," akasema polepole.

"Nimemkalia eda, mwanangu. Najua."

Akabonyeza mwenyewe kukubali apdeti. Mstari wa kijani ukajaa taratibu, kompyuta ikajizima, ikajiwasha. Fundi akafunga mkoba wake, akaaga.

Alasiri ilipofika, Bi Mwanahawa alibandika chai jikoni. Birika lilipoanza kuvuma, alizima jiko, akarudi kuketi mbele ya kompyuta, asije akaukosa mlio wa barua ikiingia.