Sauti za Saa ya Mwisho

Kwa sheria ya nchi, kila aliyefiwa vitani huletewa sauti zilizorekodiwa katika saa ya mwisho ya mtu wake. Salha alisikiliza za mumewe, Sajini Mzamili, aliyetumikia jeshi la majini miaka ishirini na sita. Meli ilipopigwa, Mzamili alifunga mlango wa chuma kuzuia maji. Idarusi, kijana wa jirani aliyekuwa baharia chini yake, akaugonga kutoka ndani. "Afande, nifungulie!" Hakufungua. Baadaye maji yakammeza Mzamili vilevile.

Mama Idarusi akaingia na bakuli la vitumbua.

"Mumeo alimlea mwanangu kazini. Alimtaja?"

"Alimtaja," Salha alijibu, macho chini kwa aibu.

"Mungu amrehemu. Sauti za mwanangu zinaletwa kesho. Utakuja tusikilize pamoja, mwanangu?"

Salha akapokea bakuli.

"Nitakuja, mama."