Nta Kwenye Gamba

Lori lilikuwa limeshawashwa. Makata alikaa juu ya magodoro yake akimning'iniza kobe kwa mkono mmoja kama sufuria.

“Dada Siwema, chukua au acha. Sisi ndiyo tunahama hivyo.”

Katika mji ule, nyumba yenye mtoto wa pumu hufuga kobe, kwa kuamini kwamba anauvuta ugonjwa. Kila mwenye kobe humtoboa ukingo wa gamba akamfunga waya wake, apate kujulikana ni wa nani. Siwema alimpokea huyu, gamba limepakwa mafuta mpaka linang'aa.

“Anakula nini?”

“Chochote.”

“Mnamwitaje?”

Makata akamwangalia dereva.

“Mama, unamnunua au unamposa?” dereva akacheka.

Kidole gumba cha Siwema kilipita ukingoni kikakuta donge la nta. Akalibonyeza, likatoka, na tundu la waya likabaki wazi. Basi kobe ameibwa, na mahali fulani mjini kuna mtoto mwingine anayekohoa.

Lakini Stara, bintiye, alikuwa nyumbani akihema kwa shida.

Siwema akaitia nta mdomoni, akaitafuna mpaka ikalainika, akaziba tundu upya. Kisha akavua bangili zake akampa Makata.

Makata hakuonekana tena. Stara alikufa kabla ya mvua. Mtoto aliyeibiwa kobe, wa muuza mkaa, alipona bila kobe, akakua, akaolewa mji wa mbali. Kobe yu hai. Siwema humwekea mchicha kila asubuhi, halafu hugeuka upesi.