Miguu ya Dubu

"Faustin, shika miguu," baba mkwe akaniambia. "Si wewe ndiye uliyempiga?"

Huo ulikuwa msimu wangu wa kwanza wa kuwinda na familia ya mke wangu. Dubu mweusi tulikuwa tumemlaza mezani, gerejini kwao Toronto, ameshachunwa ngozi.

Nikashika. Kisigino, unyayo, vidole vitano. Mguu wa mtu kabisa. Mara ya mwisho kushika miguu namna hii ilikuwa kwetu Uvira, tulipombeba kaka yangu kwenda kumzika.

Shemeji zangu walikuwa wakicheka, redio ikiimba.

Nikavua koti langu, nikamfunika miguu. "Pole," nikamwambia kwa Kiswahili, ambacho mle ndani nilikijua peke yangu.

Baba mkwe akazima redio.